SAUTI YA MASIKIONI KATIKA KOMPYUTA NDOGO

(Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, kama yalivyosemwa. Kiongozi wa darasa awe na ubao na chaki. Akiweza kupata rezista kutoka katika redio mbovu, aje nayo.)

MWALIMU: Natumaini mmekwisha kaa mahali penu na redio mmeiweka pasipo na kelele. Somo letu la leo ni juu ya kompyuta ndogo, na namna ya kuifanya itoe sauti katika hedifoni, yaani zile spika ndogo zinazovaliwa masikioni. Pamoja nami yumo mama mmoja wa darasa la Bagamoyo. Shikamoo, Mama.

MAMA: Marahaba, Mwalimu.

MWALIMU: Waambie wenzako kazi yako, na shida iliyokuleta hapa.

MAMA: Mimi nakaanga samaki, nauza pwani. Siku samaki wakiwa wengi siendi darasani, kwa hiyo nimeachwa nyuma. Sasa darasa letu linayo kompyuta ndogo yenye masomo ndani yake. Inasoma kwa sauti, na sisi tunafuata kitabuni kwa kidole. Lakini inasemea katika spika moja, watu wote wanasikia. Wenzangu wamefika somo la ishirini, na mimi nataka la saba. Nikiomba la saba, darasa zima litajua kwamba bado niko la saba. Basi nanyamaza, nafuata la ishirini nisilolielewa.

MWALIMU: Mmesikia. Wengine kati yenu mnatikisa kichwa, maana shida hii mnaijua. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili wa nchi hii walikaa vikundi vikundi, kila kikundi kikizunguka redio moja, wakasikiliza kwa pamoja na kuzungumza. Ilikuwa kazi kubwa, tena ilileta faida. Lakini redio husema mara moja ikapita; aliyekwenda kumnyonyesha mtoto amekosa. Kompyuta yenu haipiti hivyo. Itarudia somo la saba mara kumi bila kukasirika. Kilichobaki ni kwamba irudie katika masikio ya mtu mmoja, wenzake wasisumbuke, naye asione haya.

Kwanza tujue chombo chenyewe. Kompyuta tunayoisema ni ubao mmoja mdogo, wenye vitu vyote juu yake: ubongo wa kuhesabu, mahali pa kuingizia kadi ya kumbukumbu, na mahali pa kuingizia umeme. Haina kioo wala vibonye vya kuandikia. Hivyo utaunga mwenyewe ukitaka. Inayojulikana zaidi huitwa Raspberry Pi, iliyobuniwa Uingereza na kuanza kuuzwa mwaka 2012. Kompyuta za namna hii zimefika katika shule za sekondari za Tanzania, zikiendeshwa kwa umeme wa jua, kwa kazi ya shirika liitwalo Powering Potential. Zilifika Karatu, na hapa kwetu zilifika katika Shule ya Sekondari Nianjema, Bagamoyo. Sababu ya kuzichagua ni nyepesi kueleza: zinakula umeme kidogo sana.

Mwezi wa Novemba mwaka 2015 ikatoka ndogo yao zaidi, iitwayo Raspberry Pi Zero. Urefu wake ni milimita 65 na upana wake milimita 30. Ilipotoka bei yake ilikuwa dola 5 za Marekani. Zile za jamii yake zilizofuata zilitoka kwa dola 10 na dola 15. Hiyo ndiyo aina iliyo katika darasa la Mama. Lakini watengenezaji, ili kupunguza ukubwa na bei, waliacha tundu la hedifoni. Sauti imo ndani, ila haina mlango wa kutokea masikioni. Ukiiunga na televisheni utaisikia huko. Bila televisheni, ni kimya.

MAMA: Na sisi tunayo spika.

MWALIMU: Ndiyo, fundi wenu aliwaungia spika yenye mashine yake ya kukuza sauti. Hedifoni ni jambo jingine, na hapa ndipo watu wanapoua kompyuta. Nitawaambia yaliyonipata mimi.

Pembeni mwa ubao huu kuna safu mbili za pini, jumla yake 40. Baadhi ya pini hizo zinaweza kuamriwa kutoa sauti. Nilipojua hivyo nilichukua hedifoni, nikakata waya wake, nikauunga moja kwa moja kwenye pini. Sauti ilitoka! Tena kubwa. Nikafurahi, nikamwita jirani aje asikilize. Jirani hakuwahi kusikia. Pini ilikuwa imekufa, na haikufufuka tena.

Tufanye hesabu kidogo tuone ilikufa kwa nini. Kiongozi wa darasa, tafadhali andika ubaoni. Pini ikiwa imewaka hutoa volti 3.3, yaani milivolti 3,300. Hedifoni za kawaida zina ukinzani wa omu 32, yaani hivyo ndivyo zinavyouzuia umeme usipite ovyo. Gawanya 3,300 kwa 32.

(Kimya kifupi.)

Mmepata 103 na kidogo. Hizo ni miliampea 103. Nayo pini moja ya kompyuta hii haipaswi kutoa zaidi ya miliampea 16. Nilimtwika mtoto gunia la mtu mzima, tena zaidi ya mara sita ya uwezo wake.

MAMA: Basi tumpunguzie mzigo.

MWALIMU: Vema sana. Chombo cha kupunguza mzigo ni rezista. Ni kidude kidogo mfano wa punje ya mchele mnene, chenye waya huku na huku. Tukiweka njiani rezista ya omu 270, hesabu inakuwa 3,300 kugawanya kwa 270, nayo ni miliampea 12 na kidogo. Hata mambo yakiharibika huko mbele, hata waya zikigusana, pini haitatoa zaidi ya hapo. Imepona.

Lakini kazi haijaisha. Pini hii inajua mambo mawili tu: kuwaka na kuzimika. Haijui nusu wala robo. Na sauti ya mtu, kama mnavyojua, hupanda na kushuka taratibu. Kitu kisichojua nusu kitasemaje?

Chukueni mfano wa mtungi wenye kitundu kidogo chini. Mtu amesimama na kata, ameambiwa: ama mwaga kata nzima, ama usimwage. Nusu ya kata hairuhusiwi. Akimwaga mfululizo, mtungi unajaa na maji yanatoka chini kwa nguvu. Akimwaga moja, akaruka moja, maji mtungini yanakaa nusu. Akimwaga moja, akaruka tatu, yanapungua tena. Juu kuna kata kata, lakini chini kitunduni maji yanatoka mfululizo, mara mengi, mara machache, wala huoni kata. Pini inafanya hivyohivyo kwa umeme, inawaka na kuzimika mara nyingi mno katika sekunde moja, kuliko sikio linavyoweza kufuata. Mtungi wetu ni chombo kingine kiitwacho kapasita. Hupokea umeme wa vipande vipande, hukaa nao, kisha huutoa umelainika. Kapasita ya kazi hii ni ya nanofaradi 33, kitu kidogo sana.

Pamoja na mtungi huo tunaweka rezista ya pili, ya omu 150, inayopeleka sehemu ya umeme ardhini. Kwa hiyo volti 3.3 zinashuka mpaka kama volti 1.2. Sitakaa sana hapo. Jueni tu kwamba bila hiyo sauti itakuwa kali mno.

Bado kuna adui mmoja. Umeme unaotoka hapo una sehemu inayopanda na kushuka, hiyo ndiyo sauti, na sehemu iliyosimama tu haiendi popote. Ile iliyosimama haina faida masikioni. Inasukuma ngozi ndogo iliyomo ndani ya hedifoni upande mmoja, inaipasha moto, basi. Lazima tuizuie, na sauti tuiache ipite.

MAMA: Utazuiaje kimoja na kingine kikapita, na vyote viko katika waya mmoja?

MWALIMU: Mama, wewe ni mtu wa Bagamoyo, mji wa ngoma, mji wenye Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Ukiweka kiganja juu ya ngozi ya ngoma ukakibonyeza tu, kutatoka mlio?

MAMA: Hakutatoka kitu.

MWALIMU: Na ukiipiga?

MAMA: Italia.

MWALIMU: Na mkono wako haukupita kwenda ndani. Kilichopita ni mtikisiko tu. Kapasita ya pili, ya maikrofaradi 10, ndiyo ngozi hiyo. Umeme uliosimama unabonyeza, haupiti. Umeme unaotikisika unapita. Kapasita hii ni ya umbo la kopo dogo, nayo ina upande wa jumlisha na upande wa kutoa. Upande wa kutoa umechorwa mstari wenye alama ya kutoa. Huo uelekee kwenye hedifoni, na wa jumlisha uelekee kwenye kompyuta. Msiugeuze.

Nisiwafiche: kwa kapasita ya maikrofaradi 10, sauti nzito za ngoma zitapungua. Maneno ya mwalimu yatasikika sawasawa. Anayetaka ngoma aweke ya maikrofaradi 100. Kwa kujifunza kusoma, 10 zinatosha.

Sasa tufike mahali ninapopapenda mimi, maana hapa ndipo kusoma kwenu kunapofanya kazi. Vitu hivi havikuandikwa majina. Rezista imevikwa mistari ya rangi, na kila rangi ni tarakimu. Nyeusi ni 0, kahawia ni 1, nyekundu ni 2, rangi ya chungwa ni 3, manjano ni 4, kijani ni 5, buluu ni 6, zambarau ni 7, kijivu ni 8, nyeupe ni 9. Katika rezista za kawaida zenye mistari minne, miwili ya kwanza ni tarakimu mbili, na wa tatu unasema sifuri ngapi zifuate. Mstari wa dhahabu au fedha uuweke upande wa kulia ndipo uanze kusoma kutoka kushoto.

Mama, nakupa hii mkononi. Isome.

MAMA: Nyekundu… mbili. Zambarau, saba. Halafu kahawia, moja. Mia mbili sabini na moja?

MWALIMU: Wa tatu ni hesabu ya sifuri, Mama.

MAMA: Ahaa. Mbili, saba, na sifuri moja. Mia mbili na sabini!

MWALIMU: Barabara. Ndiyo yenyewe. Na ya 150 ni kahawia, kijani, kahawia. Jihadharini na kitu kimoja: nyekundu, zambarau, nyeusi ni omu 27 tu, na hiyo haitailinda pini. Nyekundu, zambarau, nyekundu ni 2,700, na hiyo sauti yake itakuwa kama ya mbu. Katika rezista ya zamani iliyokaa na vumbi, kahawia na nyekundu hufanana sana. Ipanguse, itazame juani, wala si kwa taa ya chemli.

Kapasita ndogo nayo imeandikwa tarakimu tatu: 333. Watu huisoma mia tatu thelathini na tatu, ni makosa. Kanuni ni ileile ya mistari: 33, kisha sifuri tatu, yaani pikofaradi 33,000, ambazo ni nanofaradi 33. Ukienda Kariakoo kununua, mwandikie muuzaji katika karatasi hayo yote, usome mwenyewe atakachokupa kabla hujalipa. Au usiende Kariakoo. Redio mbovu iliyolala juu ya kabati ina rezista na kapasita kadha wa kadha, na mwenye macho ya kusoma atazipata.

Tuunganishe. Kwanza zimeni umeme wa kompyuta, mchomoe kabisa. Kompyuta yenu, kama imetoka kiwandani bila pini, ina matundu tu, na waya utalehemiwa. Kutoka pini ya sauti inakwenda rezista ya 270. Mwisho wake wa pili ni njia panda. Katika njia panda hiyo rezista ya 150 inakwenda ardhini, na kapasita ya 333 inakwenda ardhini pia. Kutoka njia panda hiyohiyo inaanza kapasita ya kopo, upande wa jumlisha, na upande wake wa kutoa unakwenda kwenye tundu la hedifoni. Fanyeni hivyo mara mbili, kwa sikio la kushoto na la kulia. Tundu la hedifoni lina miguu mitatu: miwili ya masikio, na mmoja wa ardhi.

MAMA: Hiyo ardhi unayoitaja, ni ardhi hii tunayokanyaga?

MWALIMU: Swali zuri. Siyo. Mafundi huita hivyo njia ya umeme kurudia. Katika kompyuta hii kuna pini kadha za kazi hiyo.

Na sasa mtego uliowashinda wengi wanaojiita mafundi. Pini za sauti tutakazotumia zinaitwa GPIO 18 na GPIO 19. Lakini 18 hapo ni jina, si hesabu. Ukianza kuhesabu pini tangu mwanzo, ile iitwayo 18 ni ya 12, na ile iitwayo 19 ni ya 35. Ni kama mtu aitwaye Sita aliyezaliwa wa kwanza. Pini ya 1 ina alama ya mraba chini yake. Za hesabu ya 1, 3, 5 zimo safu moja, za 2, 4, 6 zimo safu nyingine. Ya 12 inafuatwa katika safu yake na ya 14, nayo ni ya ardhi, itumieni hiyo. Ya 2 na ya 4 zina volti 5. Hizo msiziguse kabisa. Volti 5 zikiingia katika pini nyingine za kompyuta hii, mtakuwa na kibao cha kuzuia karatasi zisipeperuke.

Waya zikiwa tayari, bado kompyuta haijui kwamba sauti ipitie huko. Lazima iandikiwe barua. Toeni kadi ya kumbukumbu, iwekeni katika kompyuta nyingine, mfungue faili liitwalo config.txt. Chini kabisa ongezeni mstari huu, herufi ndogo zote, pasipo nafasi katikati:

dtoverlay=audremap,pins_18_19

Hifadhini, rudisheni kadi, washeni. Herufi moja ikikosewa kompyuta haitasema kwamba umekosea, itanyamaza tu. Kiongozi wa darasa asome herufi moja moja, mwingine aandike, wa tatu ahakiki. Na mkikuta sikio la kulia limekuwa la kushoto, badilisheni waya mbili, haina madhara.

Sauti mtakayopata ina mchakacho kidogo nyuma yake, kama mchanga. Hiyo ndiyo tabia ya njia hii. Ziko njia nyingine. Kuna kadi ya sauti ya USB, kitu kidogo chenye tundu la hedifoni tayari. Mnaiunga kwa waya wake na kompyuta inaitambua. Sauti yake ni safi zaidi. Ikiwa darasa lenu lina kompyuta moja na fedha kidogo, mimi ningenunua hiyo, nisijisumbue. Lakini kama zipo kompyuta kumi, na fedha hakuna, na kuna kijana anayejua kulehemu, rezista na kapasita zitawafaa. Tena kikiharibika kitu mtajua ni kipi.

MAMA: Mwalimu, na simu je? Mwanangu anasikiliza kwa simu.

MWALIMU: Mwenye simu asikilize kwa simu, hakuna ubaya. Lakini simu ya nyumbani hupigiwa, huazimwa, huishiwa vocha. Hiki chombo ni mali ya darasa na kazi yake ni moja.

Kwa ninyi wa pwani kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji sana. Hewa yetu ina chumvi. Mkiacha waya wazi karibu na bahari, baada ya miezi michache mtaona ukungu wa kijani, na sauti itaanza kukatika. Kila palipolehemiwa pakeni rangi ya kucha isiyo na rangi, pakauke. Msinichekee, inafanya kazi. Ila ndani ya tundu la hedifoni msipake, maana hapo chuma lazima kiguse chuma. Tieni vyote katika kisanduku chenye kifuniko, na tundu likianza kukwaruza, mchomeke na kuchomoa hedifoni mara kadha, au mpanguse kwa spiriti.

Mwisho ni masikio yenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 katika juma. Ikiwa desibeli 90, saa 4 tu kwa juma. Hamna chombo cha kupimia, najua. Basi mwenzako akae umbali wa mkono mmoja aseme nawe kwa sauti ya kawaida. Usipomsikia, punguza. Na kabla ya kuvaa, anza na sauti ya chini, kisha pandisha. Hedifoni za darasa zifunike sikio kwa nje, zisiingie ndani, na zipanguswe kila mtu anapopokea, maana usaha wa sikio huambukiza.

Mama, hapa mezani ninayo moja niliyoiunganisha asubuhi kwa rezista zilezile ulizosoma. Vaa.

(Kimya kifupi.)

MAMA: Yasema.

MWALIMU: Inasema nini?

MAMA: Mwalimu, wewe husikii?

MWALIMU: Mimi sisikii kitu.

MAMA: Basi ni somo la saba.

MWALIMU: Wanafunzi, kwa juma lijalo kila darasa lilete rezista tatu kutoka katika chombo kibovu, na thamani ya kila moja iwe imeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Tutazisoma pamoja. Kwaherini.